Ng'ombe Waliochechemea Hewani

Reli inaishia Mpanda. Treni ikifika hapo haina pa kwenda tena. Inapumua, inageuzwa kichwa, inarudi Tabora ilikotoka. Na pale inapoishia, nyuma ya ukuta wa stesheni, watu wasio na haraka ya kwenda popote wamejitengenezea benchi: mataruma mawili makuukuu ya reli yamelazwa juu ya matofali, na mbele yake jiko la mkaa la Dorotea lenye birika la kahawa. Wenyewe wanaliita Bunge la Taruma. Spika ni Dorotea, maana ndiye mwenye vikombe. Mzee Gelasius wanamwita Antena, kwa kuwa zamani alimfungia paroko dishi la televisheni, likashika chaneli moja tu ya Kiarabu, na paroko akaitazama hiyo hiyo mpaka alipohamishwa. Mzee Zablon ni Hakimu. Alilinda geti la mahakama miaka na miaka, kiti chake kilikuwa chini ya dirisha, na sheria zikamwingia kwa upepo. Hawa hawajawahi kukosa jibu. Lete swali lolote, liwe la mbolea au la mwezi, utaondoka na majibu mpaka ya kumgawia jirani. Asubuhi hiyo Makoye wa Kakese alilileta la kwake, macho mekundu, hajalala.

— Miguu sita! alisema, hata salamu hajamaliza. Shangazi kasema ng'ombe wangu mmoja ana miguu sita!

Birika la Dorotea likasimama hewani.

— Na kweli unaye?

— Mama Dorotea! Ng'ombe zangu zote zina miguu minne minne. Nimekua nazo!

— Swali la msingi, alisema Hakimu. Je, hiyo miguu miwili ya ziada ilikuwa mbele au nyuma? Maana ya mbele ni kosa, ya nyuma ni faida.

Tuieleze habari yenyewe mapema, kwa sababu wale wazee wakianza kuieleza wao hakuna atakayeielewa. Makoye alitaka kumwoa Lucia wa Karema, kule ziwani. Lucia alilelewa na shangazi yake, Pudensiana, mama wa neno moja. Mahari ni ng'ombe, na ng'ombe walikuwa tayari zizini Kakese, wamenona mpaka wanang'aa. Lori limeshapatikana, kibali cha kuwasafirisha kiko mfukoni. Kisha mvua ikanyesha ile ya kwelikweli, ikachukua kalavati kwenye barabara ya Karema, na mwenye lori akasema gari lake halina mabawa. Shangazi naye akasema harusi ingoje, maana kwao mahari haipokelewi kwa maneno: sharti awaone ng'ombe kwa macho yake, tena wakitembea. Ng'ombe aliyesimama anaweza kuficha kilema, anayetembea hawezi. Makoye alipomlalamikia Lucia kwenye simu, Lucia alimjibu taratibu: "Nakupenda, Makoye. Ila huyu ndiye aliyenibeba mgongoni. Akikataa, mimi sipiti juu yake."

Hapo ndipo Denis akaja na wazo la kuwarusha ng'ombe laivu mtandaoni. Denis Mubashara, wanavyomwita, hupiga picha za harusi, vipaimara na misiba, na siku hizi huirusha shughuli moja kwa moja ndugu wa mbali waione kwenye simu. Jana yake waliwarusha ng'ombe kutoka Kakese. Mtandao ulikuwa mdogo, Denis akaminya hiki, akapunguza kile, na kule Karema ng'ombe wa Makoye wakaonekana wanarukaruka kama vyura, mmoja miguu sita. Shangazi akapiga simu. Alisema hapokei viwete. Alimpa Makoye nafasi moja ya mwisho, jioni ya leo kabla hajaenda sala ya jumuiya. Wakichechemea tena, basi, kila mtu ashike njia yake.

Makoye aliumia, jamani. Usiku kucha alikuwa akienda zizini na tochi kuwatazama ng'ombe wake miguu, akaishia kuona haya mbele yao.

— Baba yangu Malale aliwaswaga mama zao kutoka Usukumani mpaka Kakese kwa miguu! alisema. Msitu kwa msitu! Hakuna hata mmoja aliyechechemea. Leo wanachechemea ndani ya zizi lao wenyewe?

— Kunywa kahawa kwanza, mwanangu, alisema Dorotea. Denis huyo anakuja.

Denis alikuja kweli, na begi mgongoni, kamera shingoni, kidude cha intaneti mdomoni kwa sababu mikono imejaa. Akasimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu mbele ya benchi, akafungua laptopu juu ya debe la mkaa, akakielekeza kile kidude upande wa mnara. Kitaa chekundu kikawaka.

— Oya, msishtuke. Hili ni jaribio tu. Nataka nirekebishe mitambo hapa hapa, ili jioni tukifika Kakese tusihangaike.

— Jaribio linaonekana na nani? aliuliza Makoye.

— Na mimi, kwenye laptopu.

— Mbona hapo pameandikwa watazamaji wawili? alisema Dorotea, ambaye macho yake hayajui miwani.

Denis aliinama akatazama.

— Aah. Mmoja ni mimi.

— Na wa pili?

— Ni kivuli chake, alijibu Antena kabla Denis hajafungua mdomo. Mtandao huhesabu mtu na kivuli chake. Hata kwenye dishi ilikuwa hivyo.

Denis hakupinga, alikuwa na haraka. Na Makoye, ambaye kichwa chake kilikuwa Karema, hakuliwaza tena.

— Haya, Mubashara, tueleze, alisema Antena. Nani kawapa ng'ombe ukiwete?

— Enkoda, mzee wangu.

— Wa ukoo gani huyo?

— Siyo mtu, ni programu. Iko hivi. Kamera inatoa picha nene, haiwezi kupita mtandaoni. Enkoda inaikamua mpaka inakuwa nyembamba, inapita. Sasa mimi naiambia: kwa sekunde moja tuma picha kadhaa, hizo tunaziita fremu. Na mzigo wote usizidi kiasi fulani, hiyo ndiyo bitreti. Jana mtandao ulikuwa mdogo, nikapunguza fremu. Ng'ombe akinyanyua mguu anakamatwa, akishusha hakamatwi. Kule Karema anaonekana anaruka.

— Na miguu sita?

— Hapo bitreti ilikuwa ndogo mno. Mguu wa zamani haujafutika, mpya umeshafika.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Hakimu kwa huzuni. Miguu ilikuwa inajilimbikiza.

— Si uongeze tu hizo fremu, alisema Makoye.

— Nikiongeza, mzigo unazidi mtandao, picha inaganda. Shangazi ataona ng'ombe mmoja amesimama mguu juu mpaka jumuiya iishe. Ndiyo maana nahangaika. Yaani hii kitu ni blanketi fupi, ukifunika kichwa miguu inabaki nje.

— Miguu tena! alisema Makoye.

Denis alivuta debe jingine, akakaa, akawaambia siri ambayo nadhani mpaka leo anajuta kuisema pale.

— Enkoda ni mvivu mwenye akili. Inatuma picha nzima mara moja, fremu mama. Baada ya hapo inatuma kilichobadilika tu. Ng'ombe akisimama tuli, haitumi kitu, bando la intaneti linapumzika. Akitembea, kila hatua inabidi imtume upya.

Antena aliweka kikombe chini.

— Kwa hiyo ng'ombe aliyesimama hali bando.

— Hali.

— Anayetembea anakula.

— Sana.

— Sasa kwa nini usimwambie asimame? Mtu mzima na kamera yako, unaruhusu mnyama atembee!

— Shangazi anataka atembee, Mzee Gelasius. Ndiyo kesi yote!

— Huyo shangazi naye, alisema Antena, akajivuta sawasawa. Mtu wa ziwani yule. Mtu wa ziwani anajua samaki, na samaki hana miguu. Huyo hata umwonyeshe minne anaona ni mingi!

Wazee walicheka mpaka mataruma yakatikisika. Makoye hakucheka.

— Msimseme, alisema. Kamlea Lucia mpaka kawa vile alivyo. Kama ni mkali, ukali wake nimeukuta na nimeupenda. Mimi nataka awaone ng'ombe, basi.

— Sawa, mwanangu, alisema Dorotea, na akamwongezea kahawa bila kuombwa, jambo ambalo kwa Dorotea ni sawa na kulia.

Basi Bunge likaingia kazini. Kwanza Antena aliuliza ng'ombe wana rangi gani. Makoye akasema weusi wapo, wekundu wapo, na yule wa mbele, fahari ya zizi, ana madoadoa kila mahali.

— Nilijua! Madoa! Kila doa ni mzigo wake. Denis, kataa.

Denis alikuna kichwa. Hakupenda kukubali.

— Kwa kweli... picha yenye vitu vingi vidogo vidogo inakula kuliko ya rangi moja.

— Mmesikia? Mpakeni chokaa!

— Ng'ombe wa mahari nimpake chokaa? alisema Makoye. Shangazi akimpangusa je?

— Atampangusaje naye yuko Karema?

— Siku atakapofika!

— Siku hiyo mmeshaoana. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Hakuna aliyeelewa mwana yupi na nani analia, lakini methali ikishasemwa pale benchini hairudishwi. Hakimu naye akakumbuka vumbi. Vumbi nalo linatembea, sivyo? Denis akasema ndiyo, vumbi ni baya kuliko ng'ombe. Basi zizi limwagiwe maji. Na majani nyuma ya zizi, upepo ukipita, kila jani si linatembea? Denis akasema ndiyo, kwa sauti ndogo. Basi ng'ombe wayale majani yote kabla ya jioni.

— Wakishiba sana watatembea taratibu, alisema Dorotea. Hata bando litapona.

— Wakishiba sana watalala, Mama Dorotea, alisema Makoye. Ataona nimemletea mizoga!

— Wapelekwe uwanja wa ndege, alisema Antena. Lami tupu, hakuna jani, hakuna vumbi.

— Ng'ombe kwenye uwanja wa ndege ni kesi, alisema Hakimu. Tena kesi mbili. Ya kuingia na ya kutua.

Antena alisimama nusu, akaogopa kiti chake kisichukuliwe, akakaa haraka. Macho yake yalikuwa yameangukia reli.

— Nyamazeni. Nyie nyamazeni kabisa. Nimepata. Denis, umesema ng'ombe akisimama tuli hali bando. Na shangazi anataka aone ng'ombe anakwenda. Tuwapandishe kwenye behewa la wazi hapa stesheni. Ng'ombe asimame tuli. Treni iende! Ng'ombe hatembei, lakini anakwenda!

Wazo likapokelewa kwa heshima. Hata Makoye, Mungu amsamehe, alilifikiria.

— Miti ya nyuma itakimbia, alisema Denis. Miti nayo inakula bando.

— Tuifunike kwa shuka.

— Miti ya kuanzia hapa mpaka wapi? aliuliza Dorotea. Maana shuka ninazo mbili.

Dorotea hakuwa na imani na miti wala madoa. Yeye aliamini lawama zote ni za ziwa. Dada yake aliwahi kuishi Karema, na akisogea tu ufukweni simu yake ilikuwa inamletea ujumbe wa kumkaribisha Kongo, hata pasipoti hana.

— Mie naona picha ikifika ziwani inachanganyikiwa. Inaanza kwenda Kongo, inasalimiana na mnara wa kule, ndipo inarudi Karema. Safari ndefu hiyo. Lazima kitu kidondoke.

— Lakini hakuna kilichodondoka, alisema Makoye. Kimeongezeka! Miguu sita!

— Hiyo miwili ni ya ng'ombe wa Kongo.

Makoye akaweka uso wake kwenye viganja. Alisikia jua likimpanda mgongoni na saa zikimkimbia. Alimwona Lucia amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba ya shangazi yake, simu imeegemezwa kwenye sufuria, anangoja kuona ng'ombe wa miguu minne, kitu ambacho kila mtu Mpanda anakiona bure.

— Mimi nina wasiwasi wa kisheria, alisema Hakimu. Denis, hii laivu inaonekana Karema saa hiyo hiyo?

— Inachelewa kidogo. Kama nusu dakika.

— Ndiyo! Ndiyo kesi yenyewe! Shangazi anasema "nimepokea" akimtazama ng'ombe wa nusu dakika iliyopita. Katika hiyo nusu dakika ng'ombe kaumwa na nyoka, kafa. Sasa bibi harusi kaolewa na nini? Kaolewa na picha ya marehemu!

— Usipoziba ufa utajenga ukuta, alisema Antena, akitikisa kichwa.

— Aliye juu mngoje chini, alijibu Hakimu, na wote wawili wakaridhika.

— Jamani! alisema Makoye. Alisimama, akakaa. Jamani, mimi nataka kuoa! Nawaomba. Kuna mtu yeyote hapa anajua nifanye nini mpaka jioni?

Denis alimwonea huruma. Akamgeuzia laptopu.

— Kaa hapa, ndugu yangu. Wewe ndiye unayejua ng'ombe wanavyotembea. Nitapandisha fremu kidogo kidogo, wewe utaniambia lini mwendo umekuwa mzuri. Nahitaji tu kitu kinachotembea mbele ya kamera.

Sasa ndipo ilipokuja shida ambayo hakuna aliyeitegemea. Katika Bunge zima la Taruma hapakuwa na kitu kinachotembea. Antena akinyanyuka kiti kinachukuliwa, hilo anaapa, ingawa hakuna mtu aliyewahi kukitaka. Dorotea ana jiko. Mwishowe Hakimu akavua koti, akalikunja, akampa Antena amshikie, akasema nchi hujengwa na wenye moyo.

Akaanza kutembea. Alikwenda kutoka ukuta wa stesheni mpaka kwenye jiko, ameinamisha kichwa, mikono nyuma, akageuka kwa heshima zote za ng'ombe wa mahari, akarudi.

— Ng'ombe hatembei na kikombe, alisema Dorotea.

Hakimu akakiweka kikombe chini, akaanza upya.

— Unaonaje? aliuliza Denis.

Makoye alikodoa macho kwenye kioo.

— Anachechemea.

— Napandisha fremu. Sasa?

— Bado anachechemea.

— Daah! Napandisha tena. Kidude kinachemka, lakini acha kichemke. Sasa?

— Anachechemea, Denis! Anachechemea vile vile! Ni yale yale ya jana!

— Haiwezekani! Fremu zimefika kikomo! Mzee Hakimu, nyoosha mguu!

— Nanyoosha!

— Mimi nilisema ni Kongo, alisema Dorotea. Kisha akamtazama Hakimu miguu, birika mkononi. Lakini nyie... Hakimu si alianguka na baiskeli mwaka ule wa mafuriko, nyonga ikahama?

Hakimu akasimama katikati ya uwanja.

— Mbona hukusema, mzee? aliuliza Denis, karibu kulia.

— Hamkuuliza, alisema Hakimu. Mliomba kitu kinachotembea. Kama mlitaka kisicho na nyonga mngesema.

Na hapo ndipo simu ya Denis ilipoita. Namba yake huwa anaiandika chini ya kila picha anayoirusha, kwa ajili ya wateja. Akabonyeza, akaweka sauti ya juu, akailaza juu ya debe ili aendelee na mitambo.

— Tumsifu Yesu Kristo, ikasema simu.

— Milele, amina, akajibu Antena kwa mazoea.

— Mimi ni Pudensiana, wa Karema. Hamjambo huko?

Makoye akasimama kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Denis akatazama kioo: watazamaji wawili. Akatazama anwani ya jaribio. Ilikuwa ile ile ya jana, aliyowatumia Karema. Hakuibadilisha.

— Shikamoo, Shangazi, alisema Makoye. Sisi... bado tunajiandaa.

— Marahaba. Naona. Nawatazama tangu yule mwenye kamera alipowaambia msishtuke. Picha leo ni nzuri kweli, jana haikuwa hivi. Naona mpaka ufa wa kikombe cha huyo mama.

— Ni kwa sababu hawatikisiki, alinong'ona Denis, na macho yakamtoka. Tangu asubuhi, ukimtoa Hakimu, hawajanyanyuka.

— Ila huyo mzee aliyekuwa anapita mbele, anachechemea. Naye ni wa mahari?

— Hapana, Shangazi! Hapana kabisa! Huyo ni Mzee Zablon!

— Afadhali. Na yule aliyesema mtu wa ziwani hajui miguu, bado yupo?

Antena alikuwa amejificha nyuma ya koti la Hakimu. Koti lilikuwa dogo.

— Yupo, alisema Dorotea.

— Nampa pole. Sasa Makoye, baba, nimekusikia uliponitetea. Lucia yuko hapa pembeni, naye kasikia. Ahsante. Lakini kuna jambo jana lilinikosesha usingizi, nikasema nisiulize, pengine wanaume wana sababu yao kubwa, acha niisikie. Leo nimewasikiliza asubuhi nzima na hiyo sababu sijaisikia. Niulize?

— Uliza, Shangazi.

— Jana ulisema baba yako aliwaswaga mama zao kutoka Usukumani mpaka huko Kakese. Kwa miguu?

— Kwa miguu, Shangazi.

— Kulikuwa na makalavati?

— Hapakuwa hata na barabara.

— Na hawa wa leo wana miguu minne minne?

— Wanayo, Shangazi. Naapa.

— Sasa lori limekosa kalavati, hilo nimelielewa. Ng'ombe wao wanataka kalavati la nini?

Nimesema hawa watu hawajawahi kukosa jibu. Nalirudisha neno langu. Hakimu aliinua kidole, akasema "Kibali," na Makoye bila kusema kitu akagusa mfuko wa shati, pale kilipokuwa kimekaa wiki nzima, kimekunjwa vizuri. Kidole kikashuka. Dorotea aliinamisha birika juu ya kikombe cha Denis ili mtu awe na la kufanya. Likatoa tone moja, likaisha.

Hakuna aliyekohoa, hakuna aliyejikuna, na kwenye laptopu picha ikazidi kutakata mpaka ikawa safi kuliko dirisha. Zilionekana nywele za masikio ya Antena, moja moja. Denis alikuwa hajawahi kupata picha kama ile tangu anunue kamera.

Makoye alikuwa na aibu, na chini ya aibu palikuwa na furaha inayotaka kupanda. Mtoto wa Malale! Mjukuu wa watu waliolala na ng'ombe porini, amekaa anabishana na enkoda! Alitaka kucheka, akatamani baba yake asisikie habari hii mpaka afe. Alimwona yule wa madoadoa ametangulia, anavuka maji pale kalavati lilipokuwa, mguu mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne.

Akasimama. Hakuaga mtu. Alipanda baiskeli aliyokuja nayo? Hapana, aliisahau imeegemea ukutani. Alikata mbele ya kamera kwa miguu kuelekea barabara ya Kakese, hatua ndefu ndefu za mchungaji, na enkoda, iliyokuwa imesinzia karibu asubuhi nzima, ikashtuka. Picha ikavunjika vipande vipande, ikawa vigae vya kijani na vyekundu.

Wakamtazama mpaka akapotea kwenye kona ya stesheni. Denis akanyoosha mkono azime mitambo, Dorotea akamshika.

— Acha. Kule Karema bado hajasimama. Si umesema inachelewa?

Wakangoja, wote wameinamia ile simu juu ya debe. Kutoka Karema walisikia kuku, na msichana anapumua kwa haraka, amekaribia mno. Kisha msichana akacheka, cheko la mtu aliyekuwa amelibana tangu jana, na sauti ya Pudensiana ikaja, polepole, kama anayehesabu kitu kwa macho.

— Ehee. Amesimama huyo. Anakwenda. Picha imeharibika, lakini namwona.

Kisha akaongeza:

— Wala hachechemei.